Hajati Zulaikha Anaiacha Kiu Bila Jibu

Ijumaa hii, tarehe 26 Juni, Hajati Dakta Zulaikha Marjan anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya Kisugu. Mimi Aol, katibu wa idara, nimepewa kazi ya kumwandikia maneno ya kuaga, na naomba radhi mapema: kazi yake sijaielewa mpaka leo.

Nilichoambulia ni hiki. Ubongoni kuna kemikali iitwayo serotonini, na kuna vipokezi vinavyoidaka. Hajati alitaka kujua vipokezi hivyo vinamfanyaje panya aone kiu au aache kunywa. Ukimdunga serotonini chini ya ngozi, panya anakimbilia maji. Ukiitia ndani ya sehemu fulani ya ubongo, huyohuyo anayapa maji kisogo. Niliuliza kama ni kemikali ileile. Nikaambiwa ni ileile. Nilirudi mezani kwangu kichwa kikiniuma.

Kila Ramadhani alishika mwenyewe zamu ya alasiri ya kuwatazama panya wakinywa, naye amefunga. Alisema kiu humtoka kabisa mchana, kisha humrudia kwa kishindo akisikia adhana ya magharibi kutoka msikiti wa Kibuli. Nikamuuliza, kipokezi gani kinafanya hivyo? Alicheka, akasema banange, yaani jamani, hata yeye hajui.

Mwezi jana nusura tugombane. Makala yake ya mwisho ilikuwa tayari, na mwanafunzi wake Hippolyte aliitegemea amalize shahada ya uzamivu. Ilisema kipokezi kimoja ndicho kinachozima kiu. Basi katika jaribio la mwisho kilipozibwa kwa dawa, panya walitakiwa wanywe zaidi. Hawakuongeza hata tone. Wengi wetu tulitaka jaribio hilo lifumbiwe macho, sherehe ya kumuaga ipite. Hajati akaiondoa makala isichapishwe. Hippolyte alinuna wiki nzima, nami roho iliniuma kwa ajili yake. Mpaka sasa sijui kama nimkasirikie Hajati au nimpongeze.

Juzi Hippolyte alikuja kuomba ufunguo wa chumba cha panya. Nilidhani anakusanya vitu vyake aondoke. Kumbe anaanza upya, na Hajati alikuwa mlangoni akimsubiri. Waliingia wakibishana kwa furaha.

Hajati, asante kwa yote. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na asubuhi zisizo na panya. Ila nasikia umemwahidi Hippolyte kuja kila Jumatatu, bila mshahara, hadi apate shahada yake. Sasa sielewi: nikuage, au nikutunzie kiti?