Bwana Barnabas Magige: Mkono Uliosalimia Bonde Zima la Lambwe

Jumatatu tarehe 30 Juni 1969, Bwana Barnabas Magige anastaafu baada ya kuutumikia umma kwa miaka thelathini na miwili. Wengine wetu hapa kituo cha afya tulikuwa hatujazaliwa alipovaa kaptura yake ya kwanza ya kaki ya dresa. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake, na ikanionya nisiwe na maneno mengi. Kamati inanijua vizuri. Nitajaribu.

Bwana Magige ni Mkuria wa upande wa mpakani. Alisomea shule ya misheni, akaajiriwa mwaka 1937 kuwa dresa, yaani wa kuosha vidonda na kuchemsha sindano, kisha akazungushwa Nyanza Kusini yote kama barua isiyo na anwani. Alikaa Migori, akakaa Homa Bay, akavuka visiwani na kurudi. Dholuo, lugha yetu Waluo, alijifunzia soko la samaki, na mpaka leo anakiongea kwa lafudhi inayowachekesha mama zetu. Lakini ajue mtu yeyote kwamba kugombana kwa Dholuo anaweza, na kushinda anashinda.

Ugonjwa wa malale ulipozidi bondeni Lambwe alikuwa tayari amefunzwa kutumia hadubini, na akaletwa katika kituo chetu. Hapo ndipo alipopata kazi iliyomfaa. Mbung'o anajificha kichakani, mdudu wa malale anajificha damuni, na Bwana Magige ni mtu asiyevumilia kitu chochote kinachojificha. Mvua inyeshe, mto ufurike, baiskeli ipasuke magurudumu yote mawili, yeye atafika. Dereva wetu Cephas anasema gari likikwama matopeni ni heri asukume peke yake kuliko kumsikiliza Bwana Magige akimwambia kwamba tope ni udongo tu uliokunywa maji.

Sasa niseme juu ya ule mkono, maana hakuna anayemjua Bwana Magige ambaye mkono wake haujamkamata. Watu wa Magunga walimpa jina, Lwedo Matek, yaani mkono wenye nguvu. Akikusalimia anakubana kiganja mpaka mifupa ijuane, halafu haachii. Anakutazama usoni na kungoja. Wanawake sokoni walikuwa wakimwona kwa mbali wanajitwika vikapu kwa mikono yote miwili, ili wapate sababu ya kusalimia kwa mdomo tu.

Haukuwa ubabe. Daktari wetu wa wakati ule alikuwa amemfundisha jambo moja, naye akalishika kama amri ya kumi na moja. Mtu mzima wa afya ukimbana mkono, uchungu unapanda mara moja kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, naye anacheka au anakutukana papo hapo. Lakini malale yakishaanza kuharibu mishipa hiyo, mgonjwa anaweza kubanwa akanyamaza. Unapita muda kidogo. Kisha uchungu unamfikia, mkubwa kuliko mbano wenyewe, naye analia. Daktari alionya kwamba hilo si kipimo, ni fununu tu, na kipimo ni damu chini ya hadubini. Bwana Magige alikubali, ila tangu siku hiyo hakusalimia tena kama watu wengine.

Mafunzo yake kwa wananchi yalikuwa mchezo wa kuigiza. Aliwapanga watu mstari mmoja, wameshikana mikono, wa kwanza akiwa ndiye ubongo na wa mwisho akiwa kidole cha mguu. Ubongo ukibana mkono wa jirani, jirani naye abane wa jirani yake, hivyo hivyo mpaka kidole kiruke juu. Siku moja huko Awendo ujumbe ulipotea njiani. Ubongo umebana, kidole kimesimama tu kinatazama ng'ombe. Kufuatilia, kumbe mzee mmoja katikati, Kerosi, amelala wima. Umati ulikufa kwa kicheko. Bwana Magige hakucheka. Alimshika Kerosi bega, akawaambia watu kwamba kidole hakina kosa na ubongo hauna kosa, kosa ni pale ujumbe ulipokatika, na mtu hawezi kufanya jambo ambalo ujumbe wake haukufika. Kisha akampima Kerosi damu. Alikuwa mzima, alikuwa ametoka matangani tu.

Kutoka hapo alikuwa akiingia kwenye somo lenyewe, na hapo alikuwa hana mchezo. Mdudu wa malale akishatoka kwenye damu na kuingia ubongoni, alisema, anaharibu pale panapopanga usingizi, hasira, haya na upendo. Mchana unageuka usiku. Mpole anakuwa mkali, mwenye bidii anakuwa mzembe, mama anamsahau mtoto. Nanyi mtasema amerogwa. Mtasema ni chira, amevunja mwiko wa nyumba. Mtasema ana kiburi. Tabia haielei hewani, alisema, inakaa katika nyama na maji yaliyo ndani ya fuvu, na nyama ikiugua tabia nayo inaugua. Alimaliza kwa msemo wake ule ule, nasi wauguzi tukimfuatisha kama kwaya: pima kwanza, lawama baadaye.

Jambo nitakalosimulia sasa amenipa ruhusa yeye mwenyewe. Nilipomuuliza aliniambia niandike, na nisipake sukari.

Mwaka 1964 jamaa yake walikuwa wamepata shamba bondeni. Mwanawe wa kwanza, Nicodemus, alikuwa amemwoa Rael, binti wa huko kwao mpakani, na mke huyo alisifiwa mpaka sisi wengine tukachoka kusikia. Alikuwa wa kwanza kuamka, wa kwanza shambani, sauti ya kwanza katika kwaya ya Sabato. Kuni alikata mwenyewe kandokando ya kile kichaka cha mbung'o. Mnaona ninakoelekea. Sisi wa kituoni tungeona pia, kama tungeambiwa.

Baada ya palizi Rael akabadilika. Alisinzia ameegemea jembe. Alilala kanisani, na usiku akazunguka boma akiongea peke yake. Alimtukana mama mkwe wake, Mama Jerusha, matusi ambayo siwezi kuyaandika katika kitabu cha sherehe. Alimrushia Nicodemus mwiko wa ugali wenye moto. Mtoto wake mchanga akilia, alimtazama kama mtoto wa jirani. Boma zima likasema huyu sasa ameota mapembe. Na mkuu wa boma, mwenye ule msemo ambao nimewaandikia hapo juu, alisema vivyo hivyo.

Msimcheke bado. Kwa Wakuria baba mkwe hampi mkono mke wa mwanawe. Hamtazami usoni, hawakai kivuli kimoja, na anapopita huyu yule anageuka. Ni heshima kubwa, hata kwetu Waluo tunayo ya namna hiyo na mama mkwe. Kwa hiyo yule mtu aliyesalimia Lambwe nzima, aliyewabana mikono machifu na wachungaji na wauza dagaa wa omena, alikuwa na mkono mmoja ambao hakuwahi kuushika, na ulikuwa nyumbani kwake. Habari za Rael zilimfikia kwa masikio tu, tena kutoka kwa watu wenye hasira. Akaita kikao, Jumapili, ili Rael arudishwe kwao na mtoto abaki.

Mama Jerusha aliniomba nikamsaidie kuwapikia wageni, Cephas akanipeleka kwa Land Rover ya kituo. Ndiyo maana nilikuwepo. Wazee walikaa upande mmoja na Bwana Magige katikati yao, macho chini kama inavyompasa. Kaka yake mkubwa, Mzee Gisiri, ndiye aliyesema, na alisema vizuri, ole wake Rael. Shangazi yake Rael alikuwa amekuja kumchukua. Akamsogelea, akamshika mkono kwa nguvu, vile shangazi anavyomshika binti aliyemwaibisha.

Rael hakusema kitu. Shangazi akamwachia. Rael akageuka, akaanza kutembea kuelekea nyumba yake. Alikuwa karibu kufika mlangoni ndipo akapiga ukelele, akaushika ule mkono, akaanguka magotini. Wanawake wakafyonza. Wakasema tazama visa, ameguswa saa ile, analia saa hii.

Bwana Magige hakuwa ameona chochote, macho yake yalikuwa bado chini. Lakini alikuwa amewasikia wanawake: ameguswa, kimya, kisha kilio. Nilimwona akiinua kichwa. Jamani, mimi uso ule sijausahau. Alisimama, akavuka uwanja mbele ya wazee wote, akapiga goti, akaushika mkono wa mke wa mwanawe. Akaubana. Akangoja.

Akina mama wakongwe walijifunika nyuso kwa khanga. Kisha Rael akalia mara ya pili.

Mzee Gisiri alikuwa ameshafika langoni na fimbo yake. Alisema aibu ile haijawahi kutokea katika ukoo, na hakuna atakayetoka kabla mbuzi hajachinjwa na boma kutakaswa. Bwana Magige alimjibu kwa heshima yote anayostahili kaka mkubwa, kwamba wachinje mbuzi, wachinje na kondoo, wachinje hata yeye mwenyewe wakipenda, lakini mtoto huyu anakwenda kupimwa sasa hivi. Alisema mtoto huyu. Hakusema mkwe. Kisha akamgeukia Rael, na mbele ya wote akasema kwamba alimlaumu kabla ya kumpima. Cephas alikuwa ameshawasha gari. Mzee Gisiri alilitazama gari, akamtazama mdogo wake, akasogea.

Damu ilionyesha wadudu. Daktari akatoa maji ya uti wa mgongo, nayo yakaonyesha kile tulichokiogopa, malale yalikuwa yamekwisha ingia ubongoni. Dawa ya hatua hiyo ni kali kama moto, na wako wagonjwa inaowaua yenyewe. Daktari hakumficha. Bwana Magige alimtazama Nicodemus, Nicodemus akaitikia kwa kichwa, sindano zikaanza. Katikati ya matibabu Rael alishikwa na degedege, tukadhani tumempoteza. Nicodemus alitoka nje akajibwaga kwenye nyasi. Baba yake alibaki kando ya kitanda, ameushika ule mkono, akiubana na kungoja, akiubana na kungoja, utadhani ni yeye anayezisukuma zile jumbe njiani kwa nguvu zake. Nilimwambia akapumzike. Alinijibu maneno ya Kikuria ambayo sikuyaelewa, lakini toni niliielewa.

Siku zikapita. Asubuhi moja nilikuwa nikikunja mashuka, naye alikuwa amekaa pale pale. Rael akafungua macho. Akamwona mzee. Akatazama mkono wake ulioshikwa, akatazama tena uso wa baba mkwe wake, na mara akaunyakua mkono, akavuta blanketi hadi juu ya kichwa, akageukia ukutani kwa aibu.

Haya imerudi! Yule mdudu alikuwa ameila, na sasa ilikuwa imerudi mahali pake ubongoni. Bwana Magige alitoka wodini mbio, mtu mzima na mvi zake, akasimama nyuma ya jiko la kituo akilia na kucheka kwa pamoja. Nami nililia, sina haja ya kuficha. Kutoka chini ya blanketi nikasikia sauti ikiuliza mtoto yuko wapi, na kama amekula.

Mbuzi wa utakaso alitolewa, na Bwana Magige alimtafuta mnono. Kisha alirudi kazini akageuza utaratibu wetu wote. Alisema kila boma lina mkono ambao dresa hawezi kuushika, basi ashike anayeruhusiwa. Akatufundisha sisi wanawake, nasi tukawafundisha mawifi, mashangazi na wake wenza, boma baada ya boma, salamu ya kubana na kungoja. Wagonjwa wengi wameletwa kwetu kwa njia hiyo wakiwa bado wanaweza kutembea. Na ule msemo wake hakuuacha, ila kila alipousema mafunzoni aliongeza kwamba yeye mwenyewe aliuvunja, akaeleza kosa hilo lilikaribia kumgharimu nini.

Ijumaa mchana tutapanga mstari kumpa mkono wa kwaheri. Tayarisheni vidole. Machifu watakuwepo, wachungaji, mzee Kerosi akiwa macho, na Mzee Gisiri ameahidi kufika. Nicodemus na Rael watakuja na watoto wao, ambao sasa ni watatu. Rael hatapanga mstari. Atakuwa kule jikoni na akina mama, ametupa mgongo, na baba mkwe wake akikaribia atageuza uso kama mke mwema wa Kikuria. Bwana Magige, ukimaliza kutubana sisi wote, utazame kule.

Ero kamano, asante sana, Mzee wetu. Nenda ukapumzike katika boma lako, shamba likuitikie, wajukuu wakuchoshe, na kila mkono utakaoushika ulalamike papo hapo.

Filister Ajwang'
Nesi, wodi ya wanawake