Blanketi Lililokatwa Vipande

Ndugu zangu, mwenyekiti amesema mwaka huu mchumaji bora wa tumbaku apewe baiskeli, peke yake, mbele ya watu wote. Sikatai. Naomba tu mnisikilize kidogo kabla hamjainunua.

Nilitoka Voi kwa treni nikiwa kijana, daraja la tatu, nikitaka kujua nyuma ya kila kilima kuna nini. Nakuru tukabadilisha mabehewa. Eldoret nikalala, nikaamka sina viatu. Nauli yangu ilinifikisha darajani tu, pale mto Nzoia, kwa hiyo Kitale niliingia peku, vumbi hadi magotini. Mpaka leo nikisikia filimbi ya treni, nyayo huniwasha.

Kwa sababu nilikuwa nimesoma sekondari, mzungu mmoja mwenye shamba la mahindi alinifanya nyapara. Akanipa nyumba ya mabati, nikamwita mke wangu, akafika akiwa mjamzito. Ikumbukeni nyumba hiyo, maana ndiyo niliyoogopa kuipoteza.

Wavunaji walitoka huku kwenu Bungoma, wengi upande wa Malakisi. Walikuwa bakoki, waliotahiriwa msimu mmoja. Ninyi mnajua maana yake: hakuna wa kujiweka juu ya mwenzake. Mimi mtu wa Voi ningejuaje? Niliwaona vijana wenye nguvu wanaovuna polepole, basi.

Mawingu yakaanza kukaa juu ya Elgon. Mzungu akaniita. "Nyapara, mahindi ikilowa, wewe na bibi yako kwenda. Mimi hapana taka hadithi."

Nikamshauri tutoe zawadi. Akaleta blanketi jekundu, zito, nikalitundika kwenye mti mwisho wa shamba: atakayetangulia, lake. Jamaa mmoja wa Malakisi, mrefu, mcheshi, akawaacha wenzake mbali. Nikamvisha mabegani na kumsifu mpaka sauti ikakauka. Nilirudi nyumbani nikijiona bingwa.

Kesho yake mstari ulikwenda kama watu wanaosindikiza maiti. Yule mshindi alikuwa mkiani. Na kila kichwa, nawaambia, kila kichwa kilikuwa kimefungwa kitambaa chekundu.

"Blanketi liko wapi?" nikamuuliza.

"Si liko kazini, nyapara."

"Nani amelikata?"

"Mimi. Kwani baridi inanipiga peke yangu?"

Wakacheka. Nami, kwa kutaka kuonekana mwenzao, nikasema, "Basi nipeni changu."

"Chako hakuna, bana. Ati wewe unashika mstari gani?"

Mzungu akasema niongeze: mablanketi mawili, na sufuria. Mwendo ukazidi kupoa. Sikuwa na hasira, ndugu zangu. Nilikuwa na hofu, na chini ya hofu kulikuwa na swali lililoninyima utulivu: ni kitu gani humwamsha mtu? Mke wangu ndiye aliyeniuliza, akichambua mboga, "Na kwao wenyewe huvuna hivyo hivyo?"

Jumamosi mchana, kazi ya mzungu ilipokwisha, niliwafuata. Walikwenda ukingoni mwa shamba, kwenye kijishamba cha wimbi cha mjane mmoja wa kwao. Huko niliona watu wengine kabisa! Mmoja anaanzisha wimbo, wote wanaitikia, visu vinakwenda. Aliyefika mwisho hakusimama kujisifu. Aligeuka, akavuna kurudi nyuma mpaka akutane na aliyechelewa. Kisha wakakaa kuzunguka chungu kimoja cha pombe, kila mtu na mrija wake mrefu. Wazee wa kanisa, msinikunjie nyuso. Mimi nilipewa uji.

"Leo nani ameshinda?" nikauliza.

Yule mrefu akatoa mrija mdomoni. "Wimbi limeshindwa."

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mzungu kabla hajavaa kofia. Nikamwomba mablanketi yakome. Mstari mzima uahidiwe fahali mmoja, shamba likiwa wazi kabla ya mvua. Na kipimo cha siku kikiisha, wote waende nyumbani pamoja, hata jua likiwa utosini.

"Na mvivu atakula?"

"Atakula, bwana."

"Namna gani hii!"

"Mimi na wewe tumeshindwa kumwamsha. Wenzake watamwamsha."

Akatazama Elgon, akatazama mahindi, akakubali kwa kunung'unika. Mvua ilitukuta tukigawana nyama, mahindi yote yakiwa ghalani. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa chini ya mabati yale.

Ningependa kuishia hapo. Lakini msimu uliofuata mzungu alisema, "Sasa najua wanaweza." Akaongeza kipimo, akaondoa fahali. Nilipobisha, akanishikisha koti la sufu, zuri kweli. "Hii yako. Wewe sukuma watu."

Ndugu zangu, Kitale kuna baridi. Nililipapasa koti lile. Kisha nikalirudisha, nikamwambia, "Bwana, hili ningelazimika kulikata." Hakuelewa. Akanionyesha njia.

Namshukuru mke wangu, aliyeuliza swali ambalo sikuwa nimeliuliza. Nawashukuru wale wavunaji, na familia ya hapa Bungoma iliyotupokea bila kutujua. Nanyi, kabla ya kuchagua zawadi, nendeni kwanza mkawatazame wachumaji wanapofanya kazi yao wenyewe. Muone wanagawana nini.

Siku niliyoliacha shamba lile, mke wangu alikuwa na mtoto mgongoni, mimi na sanduku kichwani. Tulipita kando ya mstari. Yule mrefu akatoka, akafungua kitambaa chake chekundu kilichopauka, akakirarua katikati kwa meno.

"Chako hiki, nyapara."

"Mimi si nyapara tena."

"Si ndiyo maana."