Mimi na Jirani Yangu wa Mashine Tulivyokwama Mlimani

Wazee wetu, shikamooni. Wenzangu wa mashine, poleni na mwili. Bwana asifiwe, na ndugu zangu Waislamu, asalaam aleikum. Mwenyekiti wa mkutano wetu wa wagonjwa ameniambia niongee nikiwa nimekaa, nimekataa. Kukaa nimekaa vya kutosha, mniache nizunguke hapa mbele kidogo.

Kabla figo hazijaniangusha nilikuwa natembea na wapima ardhi. Kazi yangu ilikuwa kubeba vyuma na kufyeka njia. Nimeikanyaga Kongwa, nimepanda milima ya kwetu Kibakwe mpaka viatu vikanikimbia. Na nilikuwa na ugonjwa mmoja: nikiona kilima, lazima nijue upande wa pili kuna nini. Wenzangu wakikaa kula, mimi nimeshatangulia. Mke wangu alikuwa akisema ameolewa na mgongo, maana ndio anaouona kila siku.

Sasa mtu wa namna hiyo umwekee mrija shingoni, umlaze kwenye kiti, umwambie atulie mpaka damu isafishwe. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilichanganyikiwa. Miguu ilicheza yenyewe chini ya shuka. Niligombana na feni, nikagombana na manesi waliokuwa wananipenda. Nikaanza kuomba nitolewe kabla ya muda, kisha nikaanza kukosa siku zangu za mashine kabisa. Nikavimba. Ninyi mnakujua kuvimba, sina haja ya kueleza.

Mpwa wangu wa kike, anasoma chuo pale Chimwaga, akaja kuniona. Akaniachia kifaa chake cha gemu cha kushika mkononi, ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Nikacheka. Mimi mtu mzima, nina ndevu. Lakini siku ile feni ilinichosha, nikawasha.

Humo ndani kuna mfalme, kuna wachawi, kuna majoka yanayoruka. Mwanzoni kabisa mjumbe anakuja mbio, anasema ufalme unaangamia, nimfuate upesi. Mimi nikaona nyuma yake kuna msitu, na nyuma ya msitu kuna kilima. Nikampita. Mfalme ananisubiri mpaka leo.

Mnacheka, lakini sikilizeni. Unapanda, nyasi zinalala kwa upepo, unafika juu, na bonde lote linafunguka na ukungu wake. Mbali unaona moshi wa nyumba. Pembeni kuna magofu, hujui ya nani. Na kila unachokiona, unaweza kukifikia kwa miguu yako. Hakuna uzio wala wa kukuuliza kibali. Siku ile nesi alipokuja kunitoa, nilimwomba aningoje nifike kwenye ule mwamba. Akaniangalia usoni kwa muda, nadhani alitaka kunipima homa.

Kwenye kiti cha jirani alikuwa mama mmoja mtu mzima, mkulima, Mgogo wa Kongwa. Alikuwa akichungulia kimya. Mara akauliza tunakwenda wapi. Nikamwambia sijui. Akasema basi sogeza hicho kidude huku, twende wote.

Jamani, kutembea na yule mama ilikuwa kazi. Hakuruhusu nipite kwenye nyumba ya mtu bila kusalimia, eti sisi si wezi. Basi kila boma nasimama, nabonyeza, nasalimia. Na watu wa mle ukiwasalimu wanakupa kazi: nitafutie pete yangu, niulie mbwamwitu. Mama akachukia sana. Alisema hao hawakulelewa, mgeni hata maji hajapewa anatumwa. Theluji alipoiona mara ya kwanza aliuliza kama ni chumvi, akataka tuchote. Tulivuka mito, tuliingia mapango, tukikutana na joka tunakimbia wote wawili, mimi kwa vidole na yeye kwa mdomo. Nikawa siku ya mashine naamka mapema. Uvimbe ukapungua.

Kisha majibu ya kaka yangu yakatoka. Tulikuwa tumeweka matumaini yote kwenye figo yake, na kipimo kikasema hainifai. Siku hiyohiyo kwenye gemu tulikuwa tumepanda mlima wa barafu, tumefika kwenye ukingo mwembamba, juu hakupandiki, chini shimo. Nikazima. Nikampa mama kile kifaa, nikamwambia abaki nacho aangalie picha.

Sikumwambia mtu, ila nilikuwa nimeshaamua. Sirudi tena kwenye kiti. Nitakwenda Kibakwe, nitembee kwenye milima yangu mpaka mwili ukatae wenyewe. Mke wangu nilimdanganya kwamba naenda kumsalimia mama yangu mzazi. Siku ya mashine ikanikuta ndani ya basi, dirishani, tunangoja abiria.

Simu ikaita. Namba ya nesi, lakini sauti ni ya yule mama. Hakunisalimia, yeye ambaye husalimia hata mawe.

"Mwanangu, umeniacha mlimani," akasema. "Nikigusa hiki kidude, mtu wetu anaanguka, anakufa. Halafu anarudi palepale ukingoni. Mimi siwezi kumshusha. Uko wapi?"

Nikamwambia naenda kusalimia nyumbani.

"Kusalimia utaenda. Njoo kwanza unishushe."

Akakata. Nilikaa pale na begi mapajani, kondakta anadai nauli. Nilikuwa na hasira, sijui ya nani. Nikamwona kichwani yule mama na mrija wake, ameng'ang'ania kile kidude, hajui abonyeze wapi. Nikashuka, nikadandia bodaboda, nikaingia wodini nimetoka jasho. Nesi akaniunganisha palepale. Mama akanipa kifaa bila kunitazama. Tulitafuta njia mpaka tukaiona: haikuwa juu wala chini, ilikuwa pembeni, nyuma ya jiwe. Mama akafuta macho kwa kanga, akasema twende.

Nawashukuru manesi wetu. Namshukuru kaka yangu aliyekubali kupimwa, na mpwa wangu, ambaye kifaa chake hajarudishiwa. Mke wangu nilimweleza yote, akalia, kisha akaninunia, sasa tunaongea. Na yule mama yumo humu, amenikataza kumnyooshea kidole.

Sijapona. Keshokutwa nipo kwenye kiti. Ila ninyi mnaotuuguza, nina neno moja kwenu. Mnatuambia sana tuvumilie. Siku ile ningeambiwa nivumilie, leo mngekuwa mmeshanizika Kibakwe. Mgonjwa wenu akianza kuwaaga, msimbembeleze abaki. Mwambieni mmekwama, na ni yeye tu anayeweza kuwashusha.