Mji Wenye Majina Matatu

Kijiwe chao kiliitwa Benchi la Waongo, na hakuna aliyeona haya. Kilikuwa ukingoni mwa mfereji hapo Leeuwarden, mbele ya ukuta wa matofali unaoshika joto la jua mapema kuliko kona nyingine zote za mji. Wiebren, au Maziwa, kwa kuwa aliendesha lori la maziwa mpaka akastaafu, ndiye aliyeleta kahawa. Douwe, au Mwalimu, alileta keki na ubishi. Foppe, aliyeitwa Nanga kwa kuwa alikuwa nahodha wa boti la kubeba mchanga, alileta sauti yake nene. Lakini majira yote ya baridi sauti hiyo haikusikika, na mara kwa mara Wiebren alijikuta amemimina kikombe cha tatu bila kujua.

Mwezi wa Aprili, Jildou, binti yake Nanga, akamleta baba yake amemshika mkono. Akamketisha katikati, akamkaza skafu, halafu akamvuta Wiebren pembeni.

— Ba'mdogo, kichwa chake siku hizi kinakwenda na kurudi. Nakuomba, msimbishie. Akisema kitu, mkubalieni tu.

— Nanga asibishiwe?

— Nakuomba.

Akaenda zake sokoni. Wale watatu wakanywa kahawa kimya, jambo ambalo halijapata kutokea. Zamani kikombe kilikuwa hakifiki nusu kabla ugomvi haujawaka, na ugomvi wenyewe ulikuwa ni ule ule: huu mji unaitwaje, na jina lilitoka wapi? Ramani zinasema Leeuwarden, na Mwalimu aliwafundisha watoto hivyo hivyo. Wiebren, mtu wa shamba, anasema Ljouwert, kwa Kifrisia, lugha ya mama yake. Nanga, aliyezaliwa uchochoro wa nyuma ya hapo, anasema Liwwadden, kama walivyosema wauza samaki wa utoto wake.

— Ni simba, Nanga akaanza mwenyewe, akitazama maji. Leeuw si simba? Basi simba alikuwepo hapa.

— Kweli kabisa, akasema Wiebren.

— Kweli, akasema Mwalimu, kama mtu anayeng'olewa jino.

— Aliletwa na meli. Akamla mtoza ushuru, watu wakafurahi, wakaupa mji jina lake.

— Inawezekana.

Nanga akawageukia, huyu kisha yule.

— Mna nini leo? Nimekufa?

— Aa, bwana!

— Sasa mbona mnanikubalia kama niko kwenye jeneza?

Wiebren akaweka kikombe chini. Jildou atamsamehe.

— Simba wa wapi, we mzee? Simba gani akae kwenye tope hili? Jina maana yake ni kilima kilichokingwa upepo. Ndiyo maana tunasema Ljouwert.

— Eheee! Kimekingwa upepo? Na kofia yako iliyozama pale chini ya daraja, ilipeperushwa na nani? Mkeo?

— Wote hamjui kitu, Mwalimu akaingilia, uso umemchangamka. Wataalamu wenyewe hawajaelewana. Watawa wa kale kila mmoja aliliandika kivyake.

— Walikuwa wamelewa! Nanga akadakia.

— Mimi nasema ni maji, Mwalimu akaendelea. Bahari ilikuwa inafika karibu na hapa.

— Kama ni maji basi niulizeni mimi! Nahodha amepotea kwenye ukungu. Anamwita mtu wa nchi kavu: hapa wapi? Yule mtu ana mkate mdomoni. "Liwwwadden!" Nahodha akaandika alichosikia. Imekwisha hiyo!

Wakacheka mpaka bata wakahama. Akilini Wiebren alimwona tena Nanga wa ile baridi kali ya ujana wao, boti lake limenaswa na barafu pale pale darajani, naye Wiebren akimpelekea maziwa kila asubuhi, akiteleza na kuanguka. Walianza kubishana hata kabla hawajaulizana majina.

Kicheko cha Nanga kikakatika. Akatazama daraja, akatazama baiskeli zinazopita juu yake, kwa macho ya mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

— Jamani, akasema kwa sauti ndogo. Na hapa tulipo panaitwaje?

Wiebren alikuwa na neno la mama yake, Ljouwert, kwenye ncha ya ulimi. Miaka yote ile hakuwahi kulitamka neno la Nanga, hata kwa mzaha. Akaushika mkono wa rafiki yake, akaukuta wa baridi.

— Liwwadden, ndugu yangu. Tuko Liwwadden.

Nanga akamkazia macho. Kisha, polepole, pembe za mdomo wake zikaanza kupanda.

— Mdomo umekujaa nyasi, Maziwa. Halitamkwi hivyo. Sema tena.

Wiebren akasema tena.

— Bado! Na wewe Mwalimu, unacheka nini? Sema tukusikie.

Mwalimu akajaribu, akatukanwa zaidi. Jildou aliporudi na kapu lake aliwasikia kabla hajavuka daraja. Wazee wawili walikuwa wakipiga kelele jina moja, na baba yake katikati yao, mkono juu, akiwaongoza kama mwalimu wa kwaya. Kahawa ilikuwa imekwisha kitambo. Hakuna aliyeinuka.