Maji ya Kuwanawisha Waheshimiwa

Pale Busia, upande wa Uganda, benchi la Bridgit halina mahali pake, lina kivuli tu. Tangu korona ilipoyasimamisha malori mpakani yakapanga foleni mpaka macho yakachoka, kivuli cha benchi ni cha lori lolote litakalosimama mbele ya kibanda chake cha kahawa. Lori likisogea, wazee wanainuka na benchi lao, kila mtu na kikombe chake mkononi, wanalifuata hatua kumi, wanakaa tena, na hoja haijakatika hata kidogo. Siku hiyo Ijumaa kivuli kilikuwa cha lori la simiti. Walikuwa watatu, barakoa zimeshushwa kidevuni. Wa kwanza, Geoffrey Maloba, fundi baiskeli, ambaye mji mzima ulimwita Spika kwa sababu hapajatokea aliyemsikia amenyamaza. Wa pili, Owori wa kutoka Tororo, mwalimu wa darasa la tano, aliyeitwa Mwalimu Likizo tangu shule zifungwe. Wa tatu, Oguttu, Mkenya aliyevuka kuuza soksi, akamwambia mkewe anarudi baada ya saa moja. Mpaka ukafungwa nyuma ya kisigino chake, na sasa miezi minne imepita. Huyo ndiye Saa Moja. Na redio ya Bridgit ilikuwa imemaliza kusoma habari mbaya.

— Mwambie arudie, alisema Spika. Amesoma haraka.

— Ni redio, Spika, alisema Bridgit. Hii si mikutano yako.

— Huenda karuka mstari. Mimi nimesikia Sop Sop, nimesikia Lunyo, nimesikia Buhehe. Sisi tuko wapi?

— Hatupo. Umesikia vizuri kabisa.

Ilikuwa orodha ya kwanza ya sehemu zitakazopewa fedha za visima na mabomba, kwa ajili ya watu kunawa mikono wakati huu wa ugonjwa. Mwenye malalamiko, redio ilisema, ayapeleke leo hii kwa waheshimiwa wa kamati ya Bunge, watakuwa kwenye ukumbi wa wilaya mpaka saa kumi. Baada ya hapo orodha inakwenda Kampala, na ikishafika Kampala, basi.

Bridgit alizima redio. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache alikuwa akiyatoa moto kama kahawa yake.

— Kesho watu wa afya wanakuja kufunga kibanda. Wamesema: anayeuza chakula na hana maji ya kunawa wateja, anafunga. Pampu ya mtaa imekauka tangu Pasaka. Mimi natoka alfajiri kwenda chemichemi, narudi na ndoo moja kichwani, hiyo moja ni ya kahawa. Ya mikono naitoa wapi? Nilikuambia, Spika. Nilikuambia waheshimiwa wakija useme.

— Nilisema!

— Alisema, alithibitisha Mwalimu Likizo. Dakika arobaini. Nilishika saa.

Spika alihisi kifua kikijaa. Hotuba ile aliitunga siku tatu kabla ya wageni kufika. Hata mkewe Taaka, ambaye kwa kawaida hulala akianza kuongea, safari hii aliisikiliza mpaka katikati.

— Sasa kama alisema, mbona hatupo? aliuliza Bridgit.

Hapo ndipo benchi lilipopata kazi.

— Ni barakoa, alisema Saa Moja. Cheki, wale wasee wa kamati walikuwa watatu, na wote barakoa zao zina lastiki ngumu. Lastiki inavuta sikio mbele. Sikio likivutwa mbele, maneno yanapita nyuma. Mimi mwenyewe nikivaa, simu ya mke wangu siisikii vizuri.

— Ya mke wako husikii hata ukivua, alisema Mwalimu Likizo. Hapana, ndugu zangu. Tatizo ni ramani. Mimi nafundisha ramani. Yule karani wao aliuliza: hapa panaitwaje? Mkamwambia, hapa ni benchini. Akaandika benchi. Sasa benchi lenyewe linatembea na malori! Saa ile anaandika lilikuwa huku, jioni foleni ikasogea, benchi likakaribia geti. Wakiangalia kwenye ramani wanaona tumeingia Kenya. Nani atachimbia Mkenya kisima?

— Nyinyi hamtuchimbii hata shimo la choo, alisema Saa Moja.

— Wewe nyamaza, mgeni wa saa moja.

Lori la simiti lilinguruma, likasogea. Wakainuka, wakasogea nalo, wakakaa.

— Mimi nasema ni ile barua, aliendelea Saa Moja kabla hata hajakaa vizuri. Ile ya maombi tuliyowapa mkononi. Kila kitu kinachotoka mpakani kinawekwa kwarantini siku kumi na nne, si ndiyo? Mimi nilipimwa puani mara tatu. Barua yetu iko kwarantini, buda. Imelala kwenye chumba fulani, inapimwa joto asubuhi na jioni.

— Na ikikutwa na homa? aliuliza Mwalimu Likizo, kwa uzito wa mwalimu.

— Inachomwa.

— Barua mnayoisema, alisema Bridgit huku akipuliza makaa, mliandika nini ndani?

— Mwalimu ndiye aliandika, alisema Spika.

— Ukurasa wa kwanza salamu, alisema Mwalimu Likizo. Ukurasa wa pili historia ya Busia tangu reli. Wa tatu karatasi iliniishia.

Spika aliona mazungumzo yanakwenda pabaya, akajisafisha koo. Alipojisafisha koo namna ile, hata malori yalionekana kupunguza mngurumo.

— Jamani, acheni kuzunguka. Ukweli ni huu, na nitausema ingawa si vizuri mtu kujisifu. Wale watu waliniogopa. Mnakumbuka yule mnene, mwenye koti la bluu? Nilipofika kwenye maneno "sisi watu wa mpakani," jasho lilimtoka. Alikuwa anajiuliza: huyu fundi baiskeli akigombea, kiti changu kitabaki? Ndiyo maana hawakutuweka. Wakitupa maji, mimi napanda jina. Wamenikata miguu mapema.

— Jasho lilimtoka kwa sababu ulimsimamisha juani, alisema Bridgit.

— Jua lile lile lilinipiga mimi, mbona sikutoka jasho?

— Wewe ulikuwa umesimama kivulini.

Mlango wa lori ulifunguka, akashuka dereva, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu, akanyoosha mgongo mara mbili. Alikuwa akisubiri majibu ya kipimo kwa siku ya tatu. Jina lake Rasto, alisema, anatoa simiti Tororo kuipeleka Kenya, ukipenda kujua, na amechoka kulala ameketi.

— Mama, naomba kahawa. Na maji ya kunawa yako wapi?

— Hakuna, baba.

Rasto alitoa kichupa mfukoni, akajipaka dawa mikononi, akakaa mwisho wa benchi, mbali kidogo, kama ilivyotakiwa.

— Wazee naona mko kwenye kikao. Nimeanza kuwasikia tangu nikiwa mle ndani. Waheshimiwa wamewafanya nini?

Basi akapewa hadithi yote, kwa midomo mitatu. Kwamba Jumanne kamati ya Bunge ilikuja kuona wenyewe ni wapi panahitaji maji. Kwamba benchi liliteuliwa kuwapokea, kwa sababu wote wanaopita mpakani hupitia hapa.

— Na tuliwapokea! alisema Spika. Dereva, wewe unatembea, umeona mengi, lakini mapokezi kama yale hujaona. Tulitafuta pipa, tukalipaka rangi nyeupe. Tukalifungia koki mpya kabisa. Sabuni mbili, ya mche na ya maji. Taulo tatu, kila mheshimiwa na yake. Maana sisi hapa, mgeni akifika, kabla ya jina lake unampa maji ya mikono. Usipompa, ni kama umemfukuza. Mama yangu angefufuka anichape.

— Kweli, alisema Mwalimu Likizo. Kwetu Tororo pia, mgeni akikaa na mikono mikavu, aibu hiyo hata wajukuu wanaikuta.

— Walinawa mpaka kwenye viwiko, alisema Saa Moja. Yule mama wa kamati alinawa na uso. Yule wa koti la bluu alikuwa amekanyaga matope, akasafishwa viatu.

— Mimi ndiye nilimwagia, alisema Spika. Halafu dereva wao akaomba ya rejeta ya gari. Nikasema, jaza baba, jaza mpaka imwagike!

Rasto alikuwa ameshika kikombe karibu na mdomo, lakini hakunywa.

— Maji hayo yalitoka wapi?

— Buhehe! Spika alijipiga kifuani. Safari tisa. Baiskeli hii hii, jerikani nne kila safari, tangu giza la alfajiri. Mwalimu safari mbili halafu goti likakataa. Kisima chao kilizidiwa, foleni ikafika barabarani, watu wa Buhehe wananitukana kwa Kisamia, mimi najaza tu. Hata waheshimiwa wenyewe walipita pale na magari yao asubuhi, wakasimama, wakapiga picha ile foleni. Nikawapungia mkono! Wakanipungia!

— Walipiga picha foleni ya Buhehe.

— Picha nyingi.

— Halafu wakaja hapa, wakanawa.

— Wakanawa vizuri sana.

— Na waliandika?

— Yule karani aliandika ukurasa mzima. Sifa zetu, nadhani.

Rasto alikunywa kidogo, akaweka kikombe kwenye goti. Hakuuliza kwa dhihaka. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua barabara inayokwenda getini.

— Sasa nani kati yenu aliwaambia kwamba hamna maji?

Mwalimu Likizo alimtazama Saa Moja. Saa Moja alimtazama Spika.

Spika aliirudia hotuba kichwani kuanzia juu. Salamu kwa vyeo, mmoja mmoja. Shukrani kwa barabara. Pole kwa safari. Watu wa mpakani na uvumilivu wao. Kisa cha babu yake na chui. Maji aliyaweka mwisho, kama nyama inavyowekwa mwisho, ili iliwe kwa utamu. Na alipokuwa anakaribia, anaona kabisa neno lenyewe linakuja, yule mama wa kamati alijifuta uso kwa taulo akasema, "Maji yenu mazuri, baridi." Naye Spika, mtoto aliyelelewa, alimjibu nini? Sasa aliisikia sauti yake mwenyewe waziwazi, ikicheka kwa unyenyekevu: "Ndiyo kawaida yetu hapa, mheshimiwa."

Hakulisema hilo benchini. Lakini masikio yake yalipata moto, na Bridgit alikuwa anayaangalia.

— Geoffrey, alisema Bridgit.

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo pale, isipokuwa polisi.

— Naam, dada.

— Saa hizi ni saa ngapi?

— Saa nane na robo.

— Mpaka wilayani kwa baiskeli?

— Nikikanyaga sawasawa, nusu saa.

— Simama. Sema utakachowaambia.

Spika alisimama. Alishusha shati, akaipandisha barakoa, akaishusha, akanyoosha mkono mmoja mbele.

— Waheshimiwa wapendwa wa kamati, kwa niaba ya wazee, akina mama, vijana na wageni waliokwama—

— Hapana.

— Waheshimiwa, kama mnavyokumbuka siku ile ya Jumanne—

— Hapana.

— Dada, lazima mtu aanzie mahali!

— Anzia mwisho. Kibanda kinafungwa kesho, Geoffrey. Mimi nina watoto wawili ndani na karo ya shule iliyofungwa. Sema.

Maneno mawili, na yalikuwa mazito kuliko jerikani nne.

— Hatuna maji.

— Sauti.

— Hatuna maji!

— Ningeongeza utangulizi mdogo tu hapo mbele, alisema Mwalimu Likizo, sentensi mbili tatu za—

Bridgit alimgeukia na mwiko, Mwalimu akakumbuka goti lake linauma.

— Na wakikuuliza, "Mbona Jumanne yalikuwepo?" aliuliza Rasto.

Wote waligeuka kumtazama dereva. Saa Moja akasema mtu huyu angefaa kuwa wakili. Spika aliivuta baiskeli yake karibu.

— Nitasema tuliyabeba. Kwa sababu walikuwa wageni.

— Basi, alisema Bridgit, na sauti yake ililegea kidogo. Hiyo hapo. Nenda.

Alipanda baiskeli. Akapita katikati ya malori, mabega yamepanda, shati limejaa upepo, na waliobaki benchini wakamsikia akijisomea kwa sauti ya mtoto aliyetumwa dukani: "Hatuna maji. Hatuna maji. Hatuna maji." Madereva walichungulia madirishani. Mmoja akamrushia chupa ya maji kwa huruma. Akaiacha ianguke, asije akafika kule ameshika ushahidi wa upande wa pili.

Pale kwenye kona, kabla hajapotea, alikutana na mama mmoja mnene aliyevaa vizuri, na mazoea yakamshika. Walimwona akinyanyua mkono mmoja kutoka kwenye usukani.

— Waheshimiwa wapen—

Akajiziba mdomo, baiskeli ikayumba, akakanyaga kwa nguvu na kuanza upya.

— Hatuna maji!