Kache Mwinga na Mbaazi za Mamaye

Marehemu Kache Mwinga alizaliwa tarehe 8 Mei 1981 hapa Mkongani, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Mwinga na Bi Dama. Tangu utotoni alikuwa mtu wa maswali, na aliyechoka kuyajibu kabla ya wengine alikuwa mamaye.

Alianza shule ya msingi hapa hapa mwaka 1988, akaendelea na sekondari mjini Kwale, na mwaka 2003 akahitimu stashahada ya kilimo. Mwaka uliofuata aliajiriwa na kituo kimoja cha utafiti upande wa Msambweni. Kwa miaka ishirini kazi yake ilikuwa moja: kujua kila mdudu afyonzaye utomvu anakula mmea gani. Alitandika karatasi chini ya jani, akangoja. Mdudu anayefyonza hudondosha matone matamu. Aliyejipumzikia tu hadondoshi kitu. "Nangoja akojoe," aliwajibu waliomuuliza, wala hakucheka.

Katana alimkuta hivyo mwaka 2006 kule Bongwe, amechutama kando ya ua wa nyumba yake. Akadhani mgeni amedondosha hereni, naye akainama kumsaidia. "Samahani kaka," Kache akamwambia, "unawapulizia wadudu wangu." Walifunga ndoa kanisani Ukunda tarehe 1 Desemba 2007, wakajaliwa watoto wawili, Purity na Nzai.

Kosa lake kubwa tunalisema, kwa sababu mwenyewe hakutaka lifichwe. Machi 2016 aliwaona nzi weupe wamejaa kwenye mbaazi za mamaye, na muhogo uliokuwa pembeni umekunjamana majani. Kwa haraka ya kutaka kuliokoa shamba la kwao, siku hiyo hakutandika karatasi, akadhani mbaazi ndizo wanazofyonza. "Mama, zing'oe zote, uzichome," alisema. Bi Dama alizing'oa. Zilikuwa za mbegu aliyokuja nayo kutoka kwao Kikoneni alipoolewa, na hakuwa amebakiza akiba hata ya kiganja kimoja.

Miezi miwili baadaye muhogo ulikuwa umezidi kuugua. Kache akatandika karatasi sasa ilivyopasa, chini ya muhogo na chini ya mbaazi za jirani, akagundua kwamba nzi wale walikuwa wakijikinga upepo tu kwenye mbaazi. Walifyonza muhogo, na ugonjwa wenyewe ulikuja na vijiti vya kupanda ambavyo yeye ndiye aliyevileta. Alipiga magoti mlangoni. "Mama, nimekukosea. Nisamehe."

"Inuka, chai inapoa," Bi Dama alisema, akaingia ndani. Basi. Neno la msamaha halikutoka.

Tangu hapo, kila alipopata likizo, Kache alizunguka Kikoneni nyumba kwa nyumba akiitafuta mbegu ile. Alileta mbaazi za kila namna, na mamaye akizitazama na kutikisa kichwa. Ilituuma sana kuwaona wakiamkiana kwa adabu nyingi kiasi kile, mtu na mamaye.

Juni 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Alitibiwa Mombasa, akapata nafuu kidogo, kisha akazidiwa baada ya Krismasi. Kila Katana alipoingia wodini, swali lilikuwa lile lile: "Mama amesemaje?" Katana akawa anampa salamu za watoto.

Tarehe 11 Februari 2025 Bi Dama aliondoka Mkongani alfajiri. Alimwambia Tembo, mwanawe, kwamba ana neno la kumwambia Kache na halingoji tena. Alifika hospitalini saa nne na robo. Kache alikuwa ameaga dunia saa tatu na nusu.

Ameacha mumewe Katana, watoto wake Purity na Nzai, nduguye Tembo, na mamaye Bi Dama, ambaye ameagiza neno lile lisomwe hapa mbele ya jeneza, kama lilivyo:

"Kache mwanangu, nilikusamehe siku ile ile ulipopiga magoti. Niliona haya kukwambia, na kila mwaka uliopita haya ikazidi. Sasa ni mimi ninayekuomba. Nisamehe, mama."

Bwana ampokee Kache, ampumzishe kwa amani.