Mawe Yaliyooshwa na Mtani

Wakubwa zangu, shikamooni. Rika langu na wadogo zangu, hamjambo? Ndugu Mwenyekiti ameniomba niseme machache, ingawa ananijua, machache yangu huwa marefu. Nikipitiliza, nivuteni shati.

Ndugu zangu wanaushirika, wengi mmenikuta kwenye mabanda haya ya mtaa wa Gerezani nikifua madele ya kahawa, mkadhani nilizaliwa nimeshika nyundo. Thubutu! Kuna mwaka nilikuwa fundi shaba asiye na shaba. Vitu vilikuwa vimeadimika, hata sabuni tulipanga foleni. Akaja bwana mmoja kutoka bara na magunia ya mawe yenye madoa ya kijani. "Fundi," akaniambia, "shaba imo humu. Wewe yayeyushe tu." Nikampa akiba yangu yote ya vipande vya shaba, nikapokea mawe. Mke wangu akaniangalia, akasema, "Mume wangu, umetoa nyama, umepokea mifupa."

Nikayaponda mawe yale mpaka viganja vikavimba. Nikatia sehemu motoni, mkaa gunia zima. Kilichotoka ni moshi wenye harufu ya kiberiti, majirani wakakohoa, na madonge meusi yasiyofaa hata kuegemezea mlango. Shaba ilikuwemo kweli, lakini kidogo mno, imejificha ndani ya jiwe. Moto wangu haukuiweza.

Na sheria yetu mnaijua: fundi asiyefanya kazi anampisha mwenziwe banda. Ni haki kabisa. Ilikuwa kabla ya vuli, wenzangu wakakubali kunivumilia mpaka masika yaishe. Nawaambia, nilivunjika. Nililala tu, jua likanikuta kitandani, chakula hakipiti. Mawe yaliyobaki yalirundikwa uani juu ya bati lililopakwa lami, lililoinama, maji ya mvua yakichuruzikia kwenye karai la plastiki chini.

Sasa, ninaye mtani wangu. Yuko pale nyuma, ameshaanza kucheka. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo, mama muuza vitumbua, tunapakana ukuta kwa ukuta. Asubuhi moja akawa anatoka bombani, akaliona lile rundo. Akatua ndoo, akashika kichwa.

"Uwii! Jamani, mawe ya mtani wangu yamekufa! Na Wanyamwezi hawa hawajui hata kuosha maiti!"

Akachota kopo la maji, akayamwagia. Kisha akachukua jembe lake bovu, akalitumbukiza ndani ya karai. "Na jembe la kuchimbia kaburi hili hapa, siku mfiwa akiamka."

Ikawa ndiyo desturi. Kila asubuhi, "Hodi wafiwa! Maiti kaamkaje?" Kopo la maji, na maneno ya utani juu yake. Nami natoka ndani nimefura kwenda kumjibu. Nikishatoka, mke wangu ananisogezea uji, naunywa huku namtukana mtani.

Vuli ikapita, maji ya kwenye karai yakageuka rangi, yakawa ya kijani na buluu. Masika yanaelekea kuisha, mtani akaja kudai jembe lake. Akaliinua, akaligeuza huku na huku. Nikajua kuna jambo.

"Mtani," akasema, "nani kalipaka jembe langu?"

Lilikuwa jekundu. Nikalikwangua kwa ukucha, nikalisugua kwa kitambaa, likang'aa. Shaba, ndugu zangu! Nililia mbele ya watu, na wala sioni haya.

Tukamwita mwalimu mmoja wa kemia, mteja wangu wa zamani. Akachuchumaa mbele ya karai, anacheka peke yake. Akatueleza kwamba katika mawe ya namna ile huishi vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vikipata maji na hewa, hujilisha kiberiti na chuma kilichomo kwenye jiwe, na hapo shaba inafunguka, inatoka na maji. Maji hayo yakikuta kipande cha chuma, chuma huyeyuka taratibu, shaba inashika mahali pake. "Kuna migodi wanafanya hivi makusudi, kwa mawe yaliyokwisha kutupwa," akasema. "Ninyi mmefanya kwa utani." Akatuonya kwamba maji yale ni makali, tuyatulize kwa chokaa, yasifike mferejini. Tukatii.

Ninyi hapa mkaniletea misumari iliyopinda na vyuma chakavu. Nikavitumbukiza kwenye maji yale, nikakusanya tope jekundu la shaba lililovishika, nikalikausha, nikaliyeyusha. Dele la kwanza lilikuwa dogo, mdomo umekwenda upande. Lakini Ndugu Mwenyekiti aliligonga kwa ukucha, likalia, akasema, "Banda ni lako."

Dele lile nikampelekea mtani, ada yake ya kuosha maiti. Nikamuuliza, "Kumbe ulijua vijidudu vina kiu?"

"Vijidudu gani?" akasema. "Mkeo aliniambia huinuki kitandani. Ningekuja kukubembeleza, ungenifukuza. Nikaja kukukasirisha."

Basi, ahsanteni wanaushirika kwa subira na misumari. Ahsante mwalimu wetu. Ahsante mke wangu kwa uji, na kwa kwenda kunisemea kwa jirani. Nilichojifunza ni hiki: mkimwona mwenzenu kalala, msingoje awaite. Chukueni kopo la maji, mpite uani kwake, mkamtukane kidogo.

Haya mtani, simama useme. Najua ulimi unakuwasha.